Anza na Fundi wa Mlango: Ushauri kwa Mchapaji wa Picha Lamu

Vijana wenye mkono wa kuchora katika visiwa vya Lamu huanzia karibu wote mahali pamoja: jahazi limetweka, jua linazama, mnazi umeinama pembeni. Wakishajifunza kuchapa kwa kibao, huihamisha picha ileile kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mbao na kuwauzia wageni. Sina neno na riziki ya mtu. Lakini anayetaka kuwa mchapaji hasa, mtu ambaye kazi yake itatambulika kabla jina lake halijasomwa, namshauri aliache jahazi hilo kwa muda, aende akakae na fundi wa mlango. Ilhamu ya mchapaji wa Lamu iko kwenye kazi za mikono ya watu wake kuliko kwenye mandhari. Nitaeleza kwa nini naamini hivyo, na namna ya kuifuata.

Kwanza kazi yenyewe. Unachukua kibao, cha mbao au cha lino, unachora juu yake, kisha unachonga na kuondoa kila mahali usipotaka pashike wino. Unapitisha rola yenye wino, unalaza karatasi, unasugua mgongo wake, unabandua. Palipochongwa hutoka peupe, palipoachwa hutoka peusi, na picha nzima hugeuka, kulia kukawa kushoto. Kilichoondolewa na patasi hakirudi. Kwa hiyo swali la mchapaji kila siku ni moja: nini kiondoke, nini kibaki? Machweo hayakusaidii kulijibu, kwa sababu machweo ni rangi inayoyeyuka ndani ya rangi nyingine, haina mpaka wa kupitishia chuma. Mchonga mlango amelijibu swali hilo kabla yako, kwenye mti mgumu, na jibu lake limesimama uchochoroni miaka mia na zaidi likisubiri utazame.

Basi utazame hivi. Nenda asubuhi jua likiwa limelala, au baada ya alasiri. Saa sita mchana vivuli hupotea na nakshi yote huonekana bapa. Simama mbele ya mlango mmoja tu, usizunguke mji mzima. Tazama miimo ya pembeni, kizingiti cha juu, na mfaa ule wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. Chukua penseli nene, na wala usichore mistari ya waridi au ya nyororo. Jaza vivuli peke yake, mahali ambapo patasi ilizama; penye mwanga paache karatasi ilivyo. Ukimaliza utakuta nakshi imejitokeza yenyewe bila wewe kuichora. Mchoro huo, jinsi ulivyo, uko tayari kwenda kwenye kibao, kwa kuwa umeshaamua kila kitu: peusi hapa, peupe pale. Rudia mlango uleule siku nyingine kwa mwanga mwingine. Mwanafunzi akizoea hili, hata atakapochora punda au mama aliyebeba ndoo, ataanza na kivuli badala ya kuanza na mstari wa nje, na hapo ndipo picha zake huanza kuwa za kuchapa.

Ndani ya nyumba za kale kuna mwalimu mwingine, naye ni mpole zaidi: zidaka. Ni vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, vikazungushiwa nakshi ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Nyeupe juu ya nyeupe. Hakuna rangi yoyote, na bado nakshi inasomeka, kwa sababu mwanga unaoingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, huja kwa ubavu na kuacha kivuli chembamba kwenye kila ukingo. Usipokuwa na jamaa mwenye nyumba ya namna hiyo, makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili hapo mjini yapo wazi kwa kila mtu. Ukitoka, jaribu kuchapa bila wino. Lowesha karatasi nene ya pamba, iache inywe maji hadi iwe laini, ikamue kati ya vitambaa vikavu, ilaze juu ya kibao kilichochongwa kwa kina, kisha ikandamize kwa kidole kilichofungwa kitambaa, pole pole, kila shimo na kila ukingo. Iache ikaukie papo hapo. Utakachobandua ni karatasi nyeupe yenye nakshi iliyoinuka. Sijui kazi inayobeba nyumba ya Lamu kwa uaminifu kuliko hiyo, na haigharimu hata tone la wino.

Hapa lazima niseme habari ya adabu, maana nimeona watu wanaipita. Mlango ni wa mtu. Toa salamu, kaa barazani pale dakani, ongea kwanza, kisha omba. Mwenye nyumba akiwa mzee mwite ami au bi kama unavyomwita mzee wa kwenu, umwonyeshe unachokichora, umwachie hata nakala. Usibandike karatasi juu ya mlango wa kale ukaisugua kwa mkaa au nta ili upate nakshi ya haraka, na chokaa ya zidaka usiiguse kabisa, kwani humong'onyoka kwa kidole. Magofu ya Takwa na mengineyo yako chini ya Makumbusho ya Taifa na yanalindwa na sheria ya urithi ya mwaka 2006. Ukitaka kufanya lolote zaidi ya kutazama na kuchora, pitia ofisi ya Makumbusho ya Lamu upewe ruhusa. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini hata usingekuwemo, adabu ingekuwa ileile.

Ukitaka mfano wa mtu, Lamu inaye: Muhammad Kijumwa, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Wapenzi wa fasihi wanamjua kwa tenzi. Utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 umetufikia kupitia kalamu yake. Wataalamu wa Ulaya waliokuwa wakikusanya mashairi ya Kiswahili, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walipokea kwake miswada mingi iliyoandikwa kwa khati safi ya Kiarabu, na leo sehemu ya kazi hiyo imehifadhiwa London na Ujerumani. Kinachosahaulika ni kwamba mtu huyuhuyu alikuwa mchonga milango, mwanamuziki na mtu wa ngoma. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu siku hizi tunawagawa wasanii: huyu wa kalamu, huyu wa patasi, huyu wa ngoma. Kijumwa hakugawanyika. Mkono uliozoea kunenepesha na kukondesha herufi ulijua pia namna ya kunenepesha na kukondesha ukingo wa jani kwenye mbao.

Kutoka kwake chukua zoezi hili. Kata kalamu ya tete, uichongee ncha bapa, uchovye wino, uandike herufi moja kubwa, hata nuni au waw peke yake, mara nyingi mpaka unene wake utulie. Kisha ichonge. Herufi za Kiarabu hufundisha mwendo wa kisu kuliko umbo lolote lingine nilijualo, kwa kuwa zina mwanzo mnene, tumbo la mviringo na mkia unaokwisha taratibu. Kumbuka tu kwamba kibao hugeuza. Khati inayokwenda kulia kwenda kushoto itabidi uichonge ikienda kushoto kwenda kulia, na macho yako yatakataa. Usiamini macho. Andika kwenye karatasi nyembamba inayopenya mwanga, igeuze uso chini, uinakili kutoka mgongoni, kisha kabla ya kuchonga kiweke kibao mbele ya kioo: kikisomeka sawa ndani ya kioo, kitasomeka sawa kwenye karatasi.

Na herufi zina mipaka yake. Mchapaji hutoa chapa nyingi za majaribio, na nyingi huishia jaani, sakafuni, au kufungia samaki. Kwa sababu hiyo usichonge aya wala majina matukufu ikiwa huna njia ya kuhifadhi kila karatasi itakayotoka, na usiyachape kabisa kwenye kitu cha kukanyagwa au cha kukalia. Chonga mashairi yako mwenyewe, methali, jina la chombo, jina la mtaa. Hata hivyo, misahafu ya Siyu itazame kwa makini kila upatapo nafasi. Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulikuwa na waandishi walionakili Kurani kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, wakazipamba kurasa zake kwa nyeusi, nyekundu na njano. Baadhi ya misahafu hiyo imetawanyika duniani. Mmoja uko katika jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles. Jifunze kutoka kwake uchache wa rangi. Waandishi wale walikuwa na rangi tatu, na kurasa zao zimejaa. Mchapaji anayeanza akijiwekea sheria ya rangi tatu kwa mwaka mzima, atatoka na mkono wake mwenyewe.

Sasa leso. Wasanii wengi huikumbuka leso kama vazi na kusahau kuwa ndiyo sanaa kubwa ya kuchapwa tuliyo nayo pwani nzima. Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na leso zenye alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado zinanunuliwa Mtaa wa Biashara. Leso za zamani zilichapwa kwa vibao vya mbao, kabla viwanda vya Ulaya, India na Japani, na baadaye vya Kenya na Tanzania, havijachukua kazi hiyo. Ifungue leso ya mama yako sakafuni uisome kama fundi. Mji, yaani uwanja wa katikati, umejaa nini, umeachwa wazi wapi? Jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, limekaa wapi, na limepewa nafasi kiasi gani ya kupumua? Zaidi ya yote, tazama pembe. Pindo linaposhuka ubavuni na kukutana na pindo la chini, nakshi hupindaje bila kukatika? Mabingwa walihesabu. Walijua ua litarudiwa mara ngapi kabla ya kufika pembeni, na kwenye pembe yenyewe wakaweka umbo jingine linalopokea pande zote mbili.

Fanya hivyo hivyo. Chonga kibao kimoja cha pindo, kifupi, na kingine cha pembe cha mraba. Pima kitambaa chako cha marekani, toa nafasi ya pembe mbili, ugawe urefu uliobaki kwa urefu wa kibao cha pindo, na ikiwa hesabu haigawanyiki, badilisha kitambaa au kibao kabla hujashika wino. Kinamama wa Matondoni wanaosuka ukili kwa ajili ya mikeka, na wale wanaoshona kofia za viua, wataielewa hesabu hii bila kuelezwa. Nakshi zao zote zinatokana na kuhesabu. Ukikaa na mmoja wao akuonyeshe jinsi anavyojua pa kugeuza, utakuwa umepata darasa ambalo shule nyingi za sanaa hazina.

Vifaa visikutishe. Watu huniambia Lamu hakuna vifaa, na mimi huona vimejaa. Mbao: pita kwenye karakana za maseremala uombe vipande vilivyobaki. Mwembe mkavu ni laini wa kuanzia, mwarobaini una uzi mzuri, mbambakofi ni wa mtu aliyekwisha kuzoea. Mkoko uache, utakuvunjia makali. Plaiwudi inafaa kwa picha kubwa, ila kingo zake humeguka ukichonga kukata uzi wa mbao. Piga randa na msasa hadi uso uteleze, kisha upake wino mweusi mwepesi kabla ya kuchonga. Kila utakapoondoa mbao patang'aa, na utaona picha yako ikizaliwa kama itakavyochapwa. Ukipata lino kutoka Nairobi, iweke juani dakika chache ilainike ndipo uikate.

Patasi za kuchongea si lazima ziwe za dukani. Njiti ya chuma ya mwavuli uliovunjika ina mfereji katikati. Ikate, inoe ncha, itie mpini wa mti, umepata kisu cha mistari myembamba. Kinoo kiwe karibu muda wote. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa kuwa inahitaji nguvu na nguvu huteleza. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali, kamwe usikae mbele yake.

Mashine ya kukandamizia huihitaji. Wajapani, ambao kwa karne kadhaa walichapa picha nzuri kuliko mtu yeyote, walisugua mgongo wa karatasi kwa kisahani kidogo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Wewe unacho kifuu cha nazi. Chagua kilicho cha mviringo sawa, kikwangue nyuzi zote, kisugue kwa msasa mnene, kisha mwembamba, kisha kwa kitambaa chenye mafuta kidogo mpaka mgongo wake uwe laini kama kioo. Kinaingia kiganjani vizuri na kinasukuma wino bila kuchana karatasi. Sugua kwa miduara midogo kutoka katikati kwenda pembeni, na kabla hujabandua inua pembe moja uchungulie. Palipofifia, laza tena usugue.

Watoto na wanaoanza waanze na kandambili. Fukwe zetu hazikosi zilizoletwa na maji, na ile ngozi yake laini hukatika kwa wembe na hushika rangi vizuri kwenye kitambaa. Lamu ndiko kulikoundwa Flipflopi, chombo kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa kandambili za kila rangi, kikashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mapema 2019. Kama takataka ilibeba watu hadi Unguja, itabeba na nakshi ya mtoto wa madrasa.

Kinachosumbua kweli ni hewa. Wino wa maji hukauka juu ya kioo kabla rola haijageuka mara mbili, hasa upepo ukivuma. Chapa alfajiri au baada ya alasiri, funga dirisha la upande wa upepo, na mimina wino kidogo kidogo. Wino wa mafuta ni mvumilivu zaidi. Wenye mashine za kuchapia Mombasa huuza makopo yake, na kopo moja dogo hukaa muda mrefu. Joto likiulainisha mno, uchanganye na poda kidogo. Ila nao hukauka polepole kwenye unyevu, siku kadhaa wakati wa kusi, kwa hiyo tundika chapa kambani mahali ambapo mchanga hauingii. Kaskazi ni kavu zaidi na karatasi hutulia. Jua pia kwamba karatasi huvimba kwa unyevu: ukichapa rangi ya kwanza siku ya mvua na ya pili siku kavu, hazitakutana. Ifunge karatasi yote ndani ya plastiki kati ya rangi na rangi. Na kwenye ubao wa chini pigilia vijiti viwili, kimoja kishike pembe ya karatasi na kingine ubavu wake, ili kila karatasi ikae pale pale ilipokaa mwanzo. Kuosha, tumia mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika, kisha sabuni. Thina na petroli usizimwage mferejini. Mifereji yetu yote inakwenda baharini, na bahari ndiyo inayotulisha.

Usikae pia kana kwamba wewe ni wa kwanza. Afrika Mashariki ina wachapaji. Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt ililea wasanii waliochapa kwa mbao na kwa mabamba ya chuma, Robino Ntila akiwa mmoja wao. Kule Uganda, Fred Mutebi huchapa rangi nyingi kwa kibao kimoja tu: anachonga kidogo na kuchapa rangi nyepesi, anachonga tena na kuchapa rangi nzito juu yake, hivyo hivyo mpaka kibao kinakwisha na hakuna njia ya kurudi nyuma. Njia hiyo inawafaa wasio na mbao nyingi, mradi uchape karatasi zote unazozitaka tangu rangi ya kwanza. Peterson Kamwathi wa Nairobi alichonga mafahali kwenye mbao kubwa na kuwafanya waseme habari za siasa za nchi. Tafuta kazi zao, hata kwenye simu, uzitazame kwa muda mrefu.

Katika hao wote, na katika Wajapani pia, liko jambo moja ningependa Lamu ilishike. Picha ya wimbi kubwa la Hokusai, ya mwaka 1831 hivi, ambayo dunia nzima inaijua, si kazi ya mkono mmoja. Hokusai, aliyekuwa na umri wa miaka 70 hivi, alichora, mchongaji akachonga, mchapaji akachapa, mfanyabiashara akagharimia. Lamu tunao wachongaji ambao mikono yao imekwisha kukomaa kwa milango, vitanda na vibao vya majina ya vyombo. Wewe unayejua kuchora na kuchapa, na yeye anayejua kuchonga, kwa nini msiunde chapa pamoja? Mpelekee mchoro uliogeuzwa tayari, mkubaliane kina cha kuchonga, mlipe ujira wa siku zake au mgawane mauzo, na jina lake liandikwe chini ya picha pamoja na lako. Fundi aliyezoea milango atakuuliza maswali ambayo wewe hukuyafikiria, hasa kuhusu uzi wa mbao. Msikilize hata kama atabadilisha mchoro wako. Mara nyingi atakuwa ameuokoa.

Nimesema uliache jahazi kwa muda, sikusema uliache milele. Baada ya mwaka wa milango, zidaka na leso, rudi pwani, na utaona vitu ambavyo mwanzoni hukuviona: jicho la mviringo lililochongwa kwenye omo, pamba inayoingizwa kati ya mbao na mbao, tanga kuukuu lenye viraka vya rangi tofauti, mabega ya wapakuzi. Utaona pia bandari mpya upande wa bara, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na winchi zake zinazoonekana kutoka mbali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi huo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hiyo nayo ni Lamu, na inahitaji wa kuichonga. Picha ya mvuvi akitazama winchi, iliyochongwa na mtu anayejua kisu kiende wapi, itasimama ukutani miaka mingi kuliko machweo yoyote.

Siku za kazi zipange hivi. Uwe na daftari moja la vivuli, lisilokuwa na kitu kingine. Chonga kidogo kila siku badala ya kungojea siku nzima iwe tupu. Chapa siku maalumu ya wiki, ukiwa umekata karatasi zote na umenawa mikono, maana alama ya kidole chenye wino kwenye ukingo mweupe huharibu chapa nzuri. Chapa ya kwanza ya kila kibao itundike ukutani uishi nayo wiki moja kabla hujaamua iko tayari. Utakuta karibu kila mara kuna mahali pa kuondoa zaidi.

Ukifika wakati wa kuuza, amua idadi kabla ya kuanza. Ishirini au thelathini zatosha kwa anayeanza. Chini ya picha, kwa penseli, upande wa kushoto andika namba ya karatasi na jumla yake, kwa mfano 4/20. Katikati jina la kazi. Kulia saini yako na mwaka. Namba ikishatangazwa usiongeze hata moja, mteja akilia kiasi gani. Kazi ndogo inayoingia ndani ya begi la msafiri huuzika kuliko kubwa, lakini bei yake ihesabu karatasi, wino, sehemu ya fundi, sehemu ya mwenye duka na saa zako, na ibaki moja dukani na ufukweni, vinginevyo mwenye duka ataacha kukuonyesha. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mchoro ni wako tangu ulipouweka kwenye karatasi, maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Kuusajili na Bodi ya Hakimiliki kunakupa ushahidi siku utakapoukuta kwenye fulana ya mtu mwingine. Toleo likiisha, kata mstari mmoja kwenye kibao kutoka pembe hadi pembe, uchape karatasi moja yenye mstari huo uiweke kama kumbukumbu, kisha kipake kibao mafuta, ukifunge kwa karatasi na kukihifadhi mahali pakavu, mbali na mchwa.